Zamu ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani alipopokea bahasha ya mwaliko, alianza kwa kuipapasa karatasi yenyewe, kama anavyopapasa kitambaa kabla ya kukikata. Ilikuwa nene, ya kung'aa, na pembeni ilikuwa na mstari wa rangi ya dhahabu. "Haya," alisema peke yake, "sasa wamekuwa watu wa karatasi nene." Ndipo akasoma. Kikundi cha wanawake watengenezaji filamu, kilichozaliwa ndani ya chumba chake cha nyuma katikati ya marobota ya vitambaa, kilikuwa kinatimiza miaka ishirini na miwili. Yeye, kama "mmoja wa waliokuwepo", alikaribishwa kwenye kumbukumbu itakayofanyika ukumbi wa maktaba.

Mmoja wa waliokuwepo! Hata pasi ya mkaa ilikuwepo. Hata paka wa jirani alikuwepo, na kwa maoni ya Fundi yule paka alifanya kazi kubwa kuliko baadhi ya watu ambao picha zao zilikuwa zimepangwa kwenye huo mwaliko, wamekunja mikono vifuani na kutabasamu kwa meno yote.

Alikuwa na miaka hamsini na nane. Alishona mapazia, sare za shule, na zaidi ya yote mashuka ya hospitali, mamia kwa mamia, pindo moja kama lingine. Alikuwa na masikio makali, yanayosikia sindano inayotaka kuvunjika kabla haijavunjika, na ulimi uliolingana nayo. Pia alikuwa na kisa kimoja. Mteja aliyekuja kupunguziwa sketi kiunoni aliondoka na sketi yake pamoja na kisa hicho, apende asipende: kwamba Mwenyekiti wa kile kikundi, yule mnayemwona kwenye televisheni akiongea kwa kupandisha nyusi, alimwibia zamu yake.

Tuanze na hiyo zamu, maana bila kuielewa hakuna kinachoeleweka.

Walianza wanawake watano: Fundi, Msusi, mwalimu wa darasa la pili, muuguzi, na karani wa benki ambaye ndiye baadaye aliitwa Mwenyekiti mpaka watu wakasahau kwamba alikuwa na kazi nyingine. Wote watano walikuwa wamewahi kuomba nafasi kwenye filamu za wanaume. Mwalimu aliambiwa ashike mwavuli. Msusi aliambiwa achane nywele za waigizaji na anyamaze. Muuguzi alikwenda na hadithi aliyoiandika mwenyewe kwa miezi sita, akaishia kuchemsha chai. Kwa hiyo siku Msusi alipopewa kamera na kaka yake, aliyekuwa amechoka kupiga harusi za watu, walikutana chumba cha nyuma kwa Fundi, wakafunga mlango, na kuweka sheria moja tu.

Kamera ilikaa kwenye kabati lenye kufuli. Ufunguo ulikuwa mmoja, umefungwa kwenye utepe mwekundu. Mwenye zamu aliuvaa shingoni tangu siku ya kwanza ya filamu yake hadi ya mwisho, akaoga nao, akalala nao. Wengine wanne walikuwa watumishi wake. Akisema beba, unabeba. Akisema simama juani mpaka wingu lipite, unasimama, na hakuna kuuliza kwa nini. Filamu ikiisha, anauvua na kumvisha anayefuata, na hakuna anayeuvaa mara ya pili kabla wote watano hawajauvaa. Ilikuwa sheria nzuri. Fundi mwenyewe, ambaye hasifu kitu ovyo, alikiri kwamba ilikuwa sheria nzuri, ndiyo maana ilimuuma.

Kazi yake kwenye zamu za wengine ilikuwa sauti. Maikrofoni aliifunga kwa lastiki kwenye mpini wa fagio, akaushika mpini juu ya vichwa vya watu, mikono imenyooka, mpaka viwiko vikawaka moto. "Vumilia, dada, dakika moja tu," Mwenyekiti alikuwa akimwambia, na dakika zake zilikuwa ndefu kama hotuba zake za sasa. Tena kila chumba walichopiga picha, kabla ya kuondoka, ilibidi wanase sauti ya chumba chenyewe kikiwa kitupu cha maneno. Ukimya nao una sauti yake, na kila chumba kina wake, na bila huo huwezi kuunganisha vipande vya filamu bila masikio ya mtazamaji kujikwaa. Dakika moja kila mtu anasimama kama gogo, hapumui kwa nguvu, hakohoi.

Hawakuweza hata siku moja. Katika miaka yote ile, hakuna dakika iliyotoka safi. Tumbo la muuguzi lilinguruma. Mwalimu alicheka kupitia puani. Msusi alipiga chafya, na ilikuwa chafya ya kuamsha mtaa. Dakika ikiisha Fundi alishusha mpini, akasugua viwiko, akaingia kwenye porojo na wenzake, na kila mara alisahau kuzima kinasa sauti. Kaseti ziliendelea kuzunguka zenyewe hadi mwisho. Wenzake walimcheka na kuziita kaseti za umbea. Yeye hakuzifuta. Alizipanga kwenye makopo ya biskuti, na badala ya kuandika, kila kaseti aliibana na kipande cha kitambaa alichokuwa akishona wiki hiyo. Mistari ya kijani ilikuwa filamu ya Msusi. Maua ya zambarau, ya mwalimu.

Zamu yake ilikuwa ya tano, ya mwisho. Hadithi yake wote waliijua, maana aliizungumza mwaka mzima: wanawake kumi na wawili waliokuwa wakifua mashuka ya hospitali kwenye mabirika ya saruji nyuma ya jengo, ambao hawakuwahi kuingia wodini hata kwa bahati mbaya, lakini kwa kutazama shuka tu walijua nani kajifungua, nani kapona na nani hakuamka. Yeye ndiye aliyeyashona hayo mashuka. Wao ndio waliomletea yaliyochanika. Ilikuwa hadithi yake kwa haki zote.

Ikatengenezwa, naam. Ikaitwa "Mashuka". Ikavuka bahari, ikapewa tuzo, na Mwenyekiti akapanda ndege mara saba. Alirudi na skafu ya hariri na sauti mpya, inayotoka puani. Mwishoni mwa filamu majina yalipanda polepole, jina la Mwenyekiti likiwa peke yake kwenye giza, kubwa, mpaka umtafute Fundi kule chini kwenye "na wengineo". Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena ufunguo uko wapi. Vikaja vikao, zikaja warsha, ikaja ofisi yenye mlango wa kioo na vijana wasiowahi kushika kamera ila wanajua kusema "kuwezesha" mara tano ndani ya sentensi moja. Kikundi kilichokuwa kikitengeneza filamu mbili kwa mwaka kikawa kinatengeneza mikutano kuhusu filamu. Msusi alirudi kusuka. Muuguzi alihama. Mwalimu alistaafu na magoti mabovu. Na Fundi akabaki na kisa.

Wiki mbili kabla ya kumbukumbu, Mwenyekiti alikuja dukani mwenyewe. Alitaka kushonewa gauni.

"Dada yangu," alisema, akitandaza mikono kama anayekumbatia umati, "nani mwingine anishonee kama si wewe?"

"Mafundi wa mlango wa kioo wameisha?" Fundi aliuliza, futi ya kitambaa ikiwa shingoni. "Simama wima. Toa pumzi. Usijibane tumbo, futi haidanganywi."

Akampima mabega, akampima kifua, akasoma namba kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, maana mlangoni alikuwa amesimama mteja mwingine. Mwenyekiti alivumilia. Futi ilipofika kiunoni, alisema taratibu, "Nasikia bado una kinyongo na mimi."

"Unasikia? Kumbe huko juu habari zinafika."

"Siku hiyo nataka niweke mambo sawa. Mbele ya watu wote. Nakuomba tu uje."

"Nitakuja," Fundi alisema, akavuta futi kidogo zaidi ya lazima. "Na mimi nitayaweka sawa."

Alijua mwenzake alitaka nini. Alitaka kumvisha kilemba cha ukoka, kumwita "mama yetu" mbele ya kamera, kumpa shada la maua, na kumfunga mdomo milele. Thubutu! Jioni hiyohiyo mpwa wake alipita. Huyu alikuwa binti wa dada yake mkubwa, na ndiye aliyepewa kazi ya kutengeneza filamu ya kumbukumbu kwa kamera isiyozidi mche wa sabuni.

"Mama mdogo, mimi sitaki maua," binti alisema, akikaa juu ya robota. "Nataka useme ukweli. Useme na hilo la zamu. Lakini watasema ni maneno yako dhidi ya yake. Huna chochote cha kuonyesha?"

Fundi aliacha kukanyaga cherehani. Siku ile ufunguo ulipokwenda kwa Mwenyekiti, walikuwa wametoka kunasa sauti ya chumba, humuhumu ndani. Alikumbuka viwiko vyake vilivyokuwa vikiuma. Na kama aliumwa viwiko, basi alisahau kuzima.

"Ninacho," alisema, kwa furaha mbaya. "Ninacho, mwanangu. Atajuta kuzaliwa."

Jumamosi mchana alifunga duka, akashusha makopo ya biskuti. Kitambaa cha wiki ile kilikuwa marekani, ile nyeupe nzito ya mashuka. Kaseti aliipata kwenye kopo la tatu, pini imeshika kutu. Kinasa sauti alikifuta vumbi kwa kipande cha bitana, akabonyeza.

Kwanza ukapita ukimya wa chumba, na ndani yake chafya ya Msusi. Kicheko. Mpini ukagongwa sakafuni. Kisha sauti ya Mwenyekiti, ya wakati ule, ya karani, haijaingia puani bado: "Haya, dada. Ndiyo zamu yako. Inama nikuvishe."

Na sauti nyingine ikajibu, nyembamba, ya dharau, ambayo Fundi hakuitambua kwa sekunde nzima.

"Zamu ya nini? Wanawake wanaofua mashuka, nani mwenye akili zake atakaa kuangalia?"

"Wewe si ndiye uliyekuwa ukituambia mwaka mzima?"

"Maneno tu hayo ya kupitishia muda. Mnanitakia nichekwe mji mzima? Fundi cherehani kawa mwongozaji! Chukua wewe, uliye na kiherehere."

"Dada, sitaki kukuchukulia zamu. Ni hadithi yako."

Ufunguo ukalia juu ya meza ya kukatia. Halafu ukasikika ukisukumwa juu ya mbao, kwa nguvu, ukarudi ulikotoka.

"Nimeshasema. Chukua. Na msinisumbue, nina mashuka arobaini ya kushona."

Mwalimu akasema jambo kwa chini. Mwenyekiti akauliza mara ya tatu, na safari hii yule mwanamke akacheka, kicheko kifupi cha puani, cha mtu anayeona kila kitu ni upuuzi. Fundi alikijua kicheko kile. Alikuwa amekitumia juzi tu, akisoma mwaliko.

Alizima. Alikaa juu ya kigoda mikono mapajani, na aibu ikampanda kutoka miguuni hadi masikioni kama maji ya moto. Alikuwa ameogopa, basi. Hakuna mkubwa wala mdogo aliyemwibia. Aliogopa kuchekwa, akawahi kucheka yeye, na kwa kuwa hakuweza kuishi na hilo alilishonea kisa, akakivaa miaka ishirini, akawavisha na wateja. Alijaribu kumchukia Mwenyekiti kama kawaida yake, kuona kama bado inawezekana. Iliwezekana kidogo: zile nyusi, ile skafu, lile jina kubwa gizani. Lakini mwizi hakuwa. Fundi, ambaye hajawahi kumsamehe mtu mshono uliopinda, alisikia pindo la maisha yake mwenyewe limefumuka lote, na aliyekuwa ameshika uzi ni yeye.

Siku ya kumbukumbu alikwenda. Kaseti ilikuwa kwenye mkoba pamoja na kinasa sauti, na hakuwa ameamua lolote. Kwamba maneno yale yalikuwa kwenye kaseti hakuna aliyejua ila yeye. Ingetosha kuiacha hapo, chini ya kitambaa cha kujifutia.

Ukumbi wa maktaba ulijaa. Kulikuwa na viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa, ovyo, bila kupigwa pasi. Mbele, juu ya meza, ndani ya kisanduku cha kioo, ulilazwa ufunguo wenye utepe mwekundu, na chini yake kadi yenye maelezo, kama mfupa wa mnyama aliyetoweka duniani. Msusi alikuwa amekaa safu ya pili, mnene, amezeeka vizuri. Alimkonyeza Fundi. Mpwa alikuwa kwenye kona na kamera yake, na maikrofoni yenye manyoya ilikuwa imefungwa kwenye fimbo ndefu ya kisasa, imeegemezwa ukutani.

Walihutubia. Kijana mmoja wa ofisini aliwezesha mara kumi na tisa, Fundi alihesabu. Kisha Mwenyekiti akasimama, gauni limemkaa sawasawa, hilo hakuna wa kulipinga.

"Leo sitasoma hotuba," alisema, akaikunja karatasi polepole ili kila mtu aone anavyoikunja. "Leo nataka kuomba radhi. Kuna mwanamke humu ndani. Filamu iliyonipa jina ilikuwa yake. Zamu ilikuwa yake. Mimi nilimwibia." Sauti ilikatika palepale ilipotakiwa kukatika. "Dada yangu, Fundi. Nisamehe."

Ukumbi uliguna, kisha ukapiga makofi, kisha wanawake wakasimama. Mwenyekiti alishuka jukwaani na kisanduku cha kioo mikononi, machozi yakimtiririka kwa utaratibu, akijua vizuri kamera iko upande gani. Hata huko kuomba radhi alikuwa amekufanyia mazoezi! Alimkabidhi Fundi kisanduku. Mtu nyuma alilia kwa sauti. Ilikuwa kila kitu alichokililia miaka ishirini, kimeletwa kwenye sinia, na kilichobaki ni kutikisa kichwa kwa heshima na kupokea.

Fundi aliutazama uso ule uliolowa. Alimdharau, ndiyo. Lakini alisikia wazi, kwa masikio yake yaleyale ya sindano, kwamba safari hii mwongo ukumbini alikuwa mmoja, na si yule aliyekuwa akilia.

"Kaeni," alisema.

Aliweka kinasa sauti juu ya meza. Aliuliza kama wana maikrofoni ya kusogeza karibu, wakasogeza. Akabonyeza.

Chafya ya Msusi ilipolipuka kwenye spika, watu wachache walicheka. Baada ya hapo hakucheka mtu. Sauti nyembamba ya dharau ikajaza ukumbi. Nani mwenye akili zake atakaa kuangalia. Chukua wewe, uliye na kiherehere. Ufunguo ukasukumwa juu ya mbao. Ombi la tatu, na kile kicheko. Fundi aliacha kanda iende, akisimama mbele yao wote, mikono imening'inia, hana mkasi, hana futi, hana kitu cha kushika.

"Mnaijua hiyo sauti ni ya nani," alisema, akazima. "Hakuniibia. Nilimtupia. Niliogopa, na baada ya kuogopa nikadanganya. Basi."

Hakuna aliyejua la kufanya na mikono yake. Tumbo halikunguruma, kiti hakikulia, Msusi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Ukumbi mzima ulisimamisha pumzi, dakika nzima, labda zaidi. Ndani ya hofu yake Fundi alisikia jambo la ajabu: ilikuwa dakika safi, ya kwanza katika miaka ishirini na miwili.

Mwenyekiti ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ya karani. "Mimi sikukumbuka hivyo. Umelisema muda mrefu, dada, mpaka na mimi nikaamini." Alijifuta uso kwa kiganja, ovyo, na wanja ukamchafua hadi shavuni. Hilo halikuwa kwenye mazoezi.

"Na ulilia vizuri kwa kitu ambacho hukufanya," Fundi alisema. "Ungelia kwa yale majina ya mwishoni, ningekuelewa."

Akafungua kisanduku. Kadi ya maelezo aliiweka kando. Utepe ulikuwa umefifia na fundo lake lilikuwa baya, lakini aliuvaa hivyohivyo, ufunguo ukamgusa kifuani, baridi. Kufuli lake lilikuwa limetupwa siku nyingi.

"Mpwa wangu, nipe hiyo kamera."

"Mama mdogo?"

"Hakuna kuuliza kwa nini."

Binti akampa. Ilikuwa nyepesi mno, na Fundi aliigeuzageuza akitafuta pa kubonyeza, na watu mia mbili walimwona akitafuta. Kama walitaka kucheka, nafasi ndiyo hiyo. Msusi alikuwa tayari ameinuka na kuanza kusogeza viti bila kuambiwa.

"Wewe," Fundi alimwambia Mwenyekiti, akimwonyesha fimbo ya maikrofoni kule ukutani. "Shika ile."

Mwenyekiti aliitazama fimbo. Aliwatazama watu wa karatasi nene kwenye safu ya mbele. Kisha akaenda, gauni likimbana mapajani, akaichukua na kuinua.

"Juu. Juu zaidi, inaonekana. Nyoosha mikono."

Akanyoosha. Mshono wa kwapa ulivutika lakini ulishika, maana ulishonwa na mtu anayejua kushona. Haikupita muda viwiko vikaanza kumtetemeka, na macho yake yakamtafuta Fundi, yakiomba.

"Vumilia, dada," Fundi alisema, jicho likiwa kwenye kamera. "Dakika moja tu."